Herufi Tatu za Toleo la Kumi na Saba

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kiti chako cha dirishani, miwani moja usoni, nyingine kichwani, na wewe unaitafuta ya tatu. Msalimie sana mkaza mjomba. Mwambie sweta limenitosha isipokuwa mkono mmoja, na mwenye kosa ni mkono wangu, si sweta. Mimi mzima. Juma lililopita mlango wa lifti ya hospitali ulinibana kidole gumba, ukucha umekuwa mweusi, lakini kazi inaendelea. Sasa tunatunza lifti za majengo kumi na moja, mimi na mwenzangu mmoja ambaye, utacheka, anaogopa kimo. Fundi wa lifti anayeogopa kimo! Yeye anashika chini, mimi napanda juu.

Sasa nikupe jambo lenyewe. Mjomba, wametengeneza filamu ya Pumzi Moja.

Ndiyo, Pumzi Moja wetu wa katuni, yule fundi wa lifti mfupi mwenye kipara na kisanduku cha spana, anayeweza kuzuia kitu chochote kinachoanguka mradi tu amebana pumzi. Kwenye filamu ni mrefu kama kabati, ana nywele, na amevaa joho. Joho! Ingia na joho kwenye shimo la lifti uone kama utatoka na shingo yako. Halafu anabana pumzi huku anahutubia. Nilimgeukia mtu niliyekaa naye, simjui hata jina, nikamwambia, "Hewa ya kusemea anaitoa wapi?" Akaniambia, "Dada, tuache tutazame." Lifti yao nayo inaporomoka kama jiwe, hakuna aliyekumbuka kwamba lifti ina breki. Katuni ilijua. Toleo la tatu lilichora breki zote, hadi skrubu, na ndiyo picha iliyonifanya niwe hivi nilivyo.

Hayo yote nimewasamehe. Nisichoweza kuwasamehe ni tukio la ngazi. Unalikumbuka: mwisho wa toleo la kumi na saba, jengo linabomoka, Pumzi amesimama nje ameshikilia ngazi kwa pumzi yake ili watu watoke. Dada yake muuguzi amerudi ndani kuwachukua wagonjwa wa mwisho. Anatokea dirishani, anamtazama kaka yake, ambaye hawezi kumjibu maana neno moja tu litamtoa pumzi. Dada anasema, NISUBIRI. Basi. Hapo ndipo katuni zetu zilipoishia, kwa kuwa kiwanda kilichozichapa kilifungwa, kama ulivyonieleza.

Kwenye filamu anasema, "Usinisubiri." Kaka anaachia pumzi, jengo linaanguka, tunapelekwa makaburini dakika moja, na nusu saa iliyobaki ni ngumi tupu. Herufi tatu, Mjomba, u, s, i, na wamemuua mwanamke wa watu.

Tuna kikundi cha mashabiki kinachokutana Jumamosi chumba cha nyuma cha maktaba. Kiongozi wetu ni kinyozi. Ana toleo la kwanza hadi la kumi na sita, la kumi na saba hana, wala hakuna kati yetu aliyewahi kuona la baada yake, lakini anaapa kwamba aliliazima utotoni na filamu haijakosea. Aliniambia mbele ya watu wote, "Fundi, kumbukumbu yako imekwama katikati ya ghorofa." Watu wakacheka mpaka nikatamani kuwafungia mlango. Nikamjibu kwamba kumbukumbu yangu ina karatasi, na karatasi iko kwa mjomba wangu.

Tafadhali nitumie lile toleo. Nitalitunza kama jicho.

Koma wako


21 Februari

Koma wangu,

Marahaba, mwanangu. Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako alinisomea barua yako kwa sauti mara mbili, na jirani mpya wa upande wa pili wa ukuta akamuuliza kama tumeanza kugombana, maana alisikia "Koma! Koma!" Ilibidi nimweleze kama nilivyowaeleza majirani wote waliomtangulia, kwamba simkatazi mtu kitu. Nilikuita Koma kwa sababu ulipoletwa kwetu una miaka sita ulikuwa mdogo kama alama ya koma, umejikunja kidogo mbele, na kila ulipoingia chumbani watu wazima walinyamaza kwanza kabla ya kuendelea na maneno yao. Jirani aliondoka ameridhika, ingawa nadhani amenihesabia kuwa na kichaa cha wasomi.

Kidole ukitie kwenye maji ya chumvi. Na mwenzako usimcheke. Anayeogopa kimo ndiye atakayekagua mkanda wako vizuri.

Kuhusu filamu, nikuambie ninavyoona, nawe unajua siwezi kuona jambo bila kulieleza. Katuni ina kitu ambacho filamu haina: nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku. Katika kisanduku hiki mkono umenyanyuliwa, katika kinachofuata kikombe kimevunjika. Nani amekivunja? Wewe msomaji, katika ile nafasi nyeupe. Filamu imeijaza nafasi hiyo kwa picha ishirini na nne kila sekunde, haikuachii kazi. Tena katika katuni Pumzi anabana pumzi kwa muda unaoutaka wewe. Ukienda kunywa maji ukarudi, unamkuta bado ameshikilia ngazi. Filamu haimsubiri mtu. Kwa hiyo usiwahukumu kwa kuwa wamebadili. Waliyemchukua alikuwa mtu wa karatasi, wakalazimika kumpa mapafu. Kila anayesimulia upya ni msomaji aliyesoma kwa sauti, na sauti ni yake.

Unakumbuka nilivyokufundisha alama za prufu, zile za kusahihisha kurasa kabla hazijachapwa, mezani, ukiwa na penseli nyekundu iliyokuzidi urefu? Miaka thelathini na mmoja nilisoma prufu kwenye kiwanda cha vitabu, na katika alama zote niliipenda moja. Msahihishaji akikata neno, kisha akagundua kwamba alikosea yeye na si mwandishi, hafuti mkato wake. Anaweka vitone chini ya neno lililokatwa, na pembeni anaandika: iache. Maana yake, neno lirudi lilivyokuwa, na aibu ya kulikata ibaki ionekane. Alama nyingine zote zinamsahihisha mwandishi. Hiyo peke yake inamsahihisha msahihishaji.

Lile toleo liko katika sanduku la bati, na ufunguo wa sanduku sijui umekwenda wapi. Nitautafuta.

Mjomba wako


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa kutafuta. Ufunguo uko ndani ya kopo la majani ya chai lenye picha ya tembo, rafu ya juu, kushoto. Uko huko tangu nikiwa na miaka kumi. Mkaza mjomba anajua.

Kidole kinaendelea vizuri. Nilimwambia mwenzangu ulichosema kuhusu mkanda, akafurahi mno, sasa ananikagua kama mama anayempeleka mtoto shule.

Maelezo yako ya nafasi nyeupe niliyasoma kwenye kikundi. Kinyozi alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea hata akiwa na wembe kwenye koo la mtu. Nami nikuambie ukweli, nimeitazama filamu mara ya tatu na kuna kitu kimoja nimekikubali. Pumzi anapovuta hewa mbele ya zile ngazi wamezima muziki wote. Hakuna sauti. Watu mia mbili ukumbini, na nikasikia kwamba sote tumebana pumzi, hata mzee aliyekuwa akitafuna karanga. Katuni haiwezi kufanya hivyo. Katuni unaisoma peke yako. Kisha dada anasema neno lake, lile la uongo, na mimi peke yangu nikapumua kwa hasira.

Sasa sikiliza. Tarehe 27 Aprili kuna mjadala wa hadhara ukumbi wa maktaba. Kinyozi amebandika tangazo mlangoni kwake: FUNDI ANASEMA FILAMU IMESEMA UONGO. NJOO UMUONE AKISHUKA. Nitauonyesha ule ukurasa ukutani, mkubwa kama mlango. Naukumbuka hadi leo. Dirisha limepinda, dada ana kitambaa kichwani, na ndani ya kiputo cha maneno herufi hazikukaa katikati. Kuna nafasi nyeupe kushoto, halafu ndipo NISUBIRI. Wachoraji wengine wangeliweka neno katikati. Nilipokuwa mdogo nilidhani ile nafasi ni hewa anayovuta kabla ya kusema. Sijaona jambo zuri kama hilo katika katuni yoyote tangu hapo.

Nilijifunzia kusoma kwenye neno lile, Mjomba. Ndilo neno la kwanza refu nililolisoma bila kusaidiwa. Ukilituma mwisho wa mwezi huu litafika.

Koma


30 Machi

Koma,

Hatujambo, ila mvua imeingia chumba cha nyuma na nimehamisha vitabu mara mbili. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anasema sweta ulirudishe, mkono wa mtu haurekebishwi lakini wa sweta unarekebishwa.

Ufunguo niliukuta pale uliposema. Kufuli lenyewe lina kutu. Tena nina wasiwasi na panya. Karatasi za aina ile zilikuwa laini sana, sijui kama kutakuwa na cha kutuma. Na posta siku hizi ni ya kubahatisha. Ningekuwa wewe ningezungumzia breki. Hilo la breki ni jambo zito na hakuna anayeweza kukubishia, wala halihitaji ukurasa wowote. Neno moja katika kiputo kimoja ni kitu kidogo, watu watasema unatafuta ugomvi.

Filamu tumekwenda kuitazama Jumapili, mchana. Ulivyosema kuhusu ule ukimya ni kweli kabisa. Ngumi ni nyingi mno, lakini nimekubali kwamba tukio la makaburini wamelifuata kwa heshima, hata buti zenye tope na kile kisanduku cha spana kilichowekwa chini, vile vile kama katika la kumi na tisa. Mkaza mjomba wako alilia pale. Kisha akaninyima maneno njia nzima, na tulipofika nyumbani akaniambia, "Mzee, utamaliza wino wote hujasema." 

Ubaki salama.

Mjomba wako


8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Uliisoma ile barua kabla ya kuituma? Wewe ambaye hata orodha ya sokoni unaisoma mara mbili? Umeandika "katika la kumi na tisa."

Uliniambia kiwanda kilifungwa baada ya la kumi na saba. Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimekaa juu ya paa la lifti, nikadhani ni giza la shimo. Nikashuka nikaisoma kwenye mwanga.

Katika katuni, lile kaburi ni la nani?

Zimebaki siku kumi na tisa kabla sijasimama mbele ya watu.

Koma


14 Aprili

Mpwa wangu, Koma,

Leo sitaanza na habari za nyumbani, ingawa hatujambo.

Ndani ya furushi hili yamo matoleo matatu: la kumi na saba, la kumi na nane na la kumi na tisa. Hayakuliwa na panya. Kufuli halina kutu. Kiwanda cha katuni hakikufungwa.

Chukua la kumi na saba, ufungue ukurasa wa mwisho, ushike karatasi mbele ya taa. Katika ile nafasi nyeupe uliyoiona nzuri kuliko zote, karatasi ni nyembamba. Utaona vivuli vya herufi tatu. Kinyozi hakukosea. Filamu haikukosea. Dada alisema USINISUBIRI, na mimi ndiye niliyezikwangua.

Nikueleze kwa utaratibu, maana sijui njia nyingine ya kueleza.

Mama yako, mdogo wangu, alikuwa amelazwa hospitali kwa mwezi wa pili mfululizo. Wewe ulikuwa kwetu na begi lako moja. Katuni hizo alikuwa akikununulia yeye, unajua, na hata kitandani hakuacha. Toleo la kumi na saba alilinunua kwenye kibanda kilichokuwa langoni mwa hospitali, kwa mkono wa mfagizi. Alilisoma lote. Nilipokwenda Jumatatu akanipa. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo. Aliniambia, "Kaka, mpelekee hiki. Akifika mwisho, mwache alisome mwenyewe neno la dada. Ndilo ninalotaka kumwambia, na nikimtazama sitaweza." Nikamuuliza, "Na akiniuliza maana yake?" Akacheka kidogo, unaukumbuka mcheko wake wa puani, akasema, "Mweleze. Si wewe ndiye mwenye kazi ya kuhakikisha watu wanasoma kilichoandikwa?"

Tulimzika Alhamisi. Wakubwa wakakubaliana kwamba uambiwe amekwenda kutibiwa mbali mpaka utakapokuwa na nguvu. Nilikuwa mmoja wao. Ijumaa asubuhi, nikifunga viatu, ulikuja ukanisimamia mbele ukaniuliza, "Mama atachelewa?"

Toleo lilikuwa mfukoni mwangu. Kazini, wenzangu walipokwenda kula, nilibaki mezani na kioo cha kukuzia na wembe mpya. Herufi za katuni zote ni kubwa. Ukiondoa tatu za mwanzo, zilizobaki zinasimama zenyewe. Haikuchukua hata dakika tano. Ilikuwa kazi safi, na jambo linalonitia aibu kuliko mengine ni kwamba nilipomaliza niliitazama nikaona kweli ni kazi safi.

Jioni nikakupa. Ulisoma kisanduku kwa kisanduku, kidole chini ya maneno. Ulipofika pale ulisoma kwa sauti, peke yako, neno zima. Kisha ukachukua kigoda chako ukakipeleka dirishani.

Nilidhani kitakaa pale juma moja. Kilikaa miaka miwili. Kila gari liliposimama barabarani ulibana pumzi; niliona mabega yako yakipanda na kubaki juu. Nilikuwa na siku mia saba za kukuambia. Mwishowe mkaza mjomba wako ndiye aliyekuambia, jikoni, ukiwa na miaka minane, na siku hiyo mimi nilichelewa kutoka kazini kwa makusudi. Hilo pia hukulijua.

Matoleo mawili yaliyofuata niliyafungia kwa sababu dada yumo kaburini ndani yake, na ungeona.

Maisha yangu yote nimelipwa kulinda maneno ya watu wengine. Msahihishaji anaweza kurekebisha tahajia. Maana hana ruhusa nayo. Mimi nilibadili neno la mwandishi, na katika neno hilo hilo lilikuwemo neno la mama yako, la mwisho alilokuachia. Barua yake uliipata. Niliyekuandikia ni mimi.

Usisimame na ukurasa huu mbele ya Kinyozi. Ndiyo sababu naandika leo badala ya kungoja ujasiri.

Mjomba wako


24 Mei

Koma,

Sijui kama furushi lilifika. Posta wanasema lilitiwa saini tarehe 22 Aprili, lakini saini waliyonionyesha ni mstari tu, huenda ni yako, wewe uliandika vibaya siku zote.

Mkaza mjomba wako amefumua mkono wa lile sweta kichwani mwake mara nyingi, anataka vipimo. Mvua imekatika. Nimekihamisha kiti changu kutoka dirishani, mwanga wa pale unaniumiza macho. Hapana. Nimekihamisha kwa sababu nyingine.

Huna haja ya kuandika barua ndefu. Hata saini.

Mjomba


5 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mkono wa kushoto, sentimita sitini na moja kutoka begani. Mwambie mkaza mjomba nimepima mara mbili.

Saini ni yangu. Furushi lilinikuta kazini, nikapanda nalo hadi chumba cha mtambo, juu kabisa, mahali mwenzangu hawezi kunifuata. Nikashika ukurasa mbele ya taa ya kichwani. Zipo. U yenyewe imebaki karibu nzima, hukuikwangua vizuri kama unavyojisifu.

Sitakuficha, nilikasirika. Nilikaa na hasira majuma mengi, na kila nilipoanza kukuandikia lilinijia neno moja tu, nalo si la kumwandikia mjomba. Mama aliniandikia barua nawe ukaisahihisha. Nilisubiri miaka miwili, Mjomba. Baada ya kuambiwa jikoni niliendelea kusubiri kimya kimya, sijui mpaka lini, kwa sababu jikoni yalikuwa maneno ya mdomo lakini lile lilikuwa limechapishwa.

Tarehe 27 nilikwenda. Najua ulinikataza. Ukumbi ulijaa, Kinyozi amevaa tai. Nilimulika ukurasa ukutani kama nilivyoahidi, nikawaacha wasome NISUBIRI, na upande wangu ukapiga makofi. Kisha nikauinua ukurasa wenyewe, nikawasha taa nyuma yake, nikasema, "Sogeeni." Wakaja wawili wawili. Nikawaambia nani alifanya na kwa nini, kwa kifupi, sikulia mpaka karibu na mwisho. Kinyozi alikuwa wa mwisho kuja. Alitazama muda mrefu, akasema, "Basi nimeshinda, Fundi. Na ushindi wenyewe siutaki." Akavua tai akaitia mfukoni.

Mama mmoja wa nyuma akauliza, sasa jibu ni lipi, filamu au katuni?  Nikasema filamu ililisema neno la kweli, lakini haikutuachia muda wa kulisikia, ikaanza ngumi. Katuni ililisema ikanyamaza. Na kuna simulizi la tatu, la nakala moja tu duniani, lililotengenezwa na mtu asiyeweza kumwambia mtoto. Hilo lilisema uongo. Nilipofika hapo nikakumbuka kitu, na ndicho kilichonitoa machozi.

Pale dirishani hakukuwa na kigoda kimoja. Vilikuwa viwili. Kila siku ukirudi kazini ulikuja na gazeti lako ukakaa cha pili, magoti yamekufikia kidevuni, ukanisomea, ukanifundisha alama, penseli nyekundu. Gari likisimama ulinyamaza na wewe. Miaka miwili ulisubiri na mimi, hali ukijua kwamba hakuna anayekuja. Mimi angalau nilikuwa na matumaini. Wewe ulikuwa na nini?

Nimeyasoma la kumi na nane na la kumi na tisa. Nimelia kwenye zile buti. Nataka unipeleke alipo mama; sijawahi kukuomba, na wewe hujawahi kusema twende, tulikuwa tunaoneana haya.

Nimetwaa likizo ya siku kumi na tano kuanzia tarehe 20. Mwenzangu itambidi apande juu. Nimemkagulia mkanda mara tatu. Ukurasa nakuja nao mwenyewe, posta ni ya kubahatisha. Nimeufanyia jambo moja kwa penseli nyekundu, usishtuke utakapouona. Chini ya nafasi nyeupe, palipokuwa na zile herufi, nimeweka vitone vitatu. Pembeni nimeandika: iache. Usiniulize kama nimezirudisha au nimeiacha nyeupe. Wewe mwenyewe ulisema mkato haufutwi.

Rudisha kiti dirishani, na kigoda kama bado kipo. Gari la mchana hufika saa tisa. Likichelewa usibane pumzi, una umri. Ila kaa pale pale.

Nisubiri,

Koma